Kituo cha Utulivu ni Urithi wa Nani?

Kila inapofika Julai 20, magazeti na televisheni hurudia picha ileile ya mtu aliyevaa suti nyeupe, amesimama kando ya bendera ya Marekani. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza tarehe hiyo mwaka 2021 kuwa Siku ya Kimataifa ya Mwezi, na inastahili. Lakini tunachoadhimisha ni mtu na hatua yake. Mahali penyewe hatupazungumzii. Chombo cha safari ya Apollo 11 kiitwacho Eagle kilitua tarehe hiyo, siku ya Jumapili, mwaka 1969, saa 5:17 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na Neil Armstrong akakanyaga ardhi ya Mwezi Jumatatu alfajiri, saa 12 kasoro dakika 4. Pale alipokanyaga pana jina rasmi, Kituo cha Utulivu, pana vitu vilivyoachwa, na pana historia inayoanza zaidi ya miaka 300 kabla yake. Ukiifuata historia hiyo kwa kuisoma ardhi badala ya hotuba, utaona kwamba Kituo cha Utulivu hakikuwa kamwe cha taifa moja. Kwa sababu hiyohiyo kinahitaji ulinzi ambao taifa moja haliwezi kuutoa.

Jina lilitangulia. Mwaka 1651, padri Mjesuiti wa Italia aitwaye Giovanni Riccioli alichapisha ramani ya Mwezi na kuyapa mabaka yake meusi majina ya bahari, mengi yakihusu hali ya hewa na tabia zake. Moja akaliita Bahari ya Utulivu. Hapana tone la maji pale: ni uwanda wa miamba ya volkano iliyomwagika na kuganda zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita. Ubapa huo ndio uliowavutia wapangaji wa safari ya Apollo 11. Walianza na maeneo 30, wakayachuja hadi matano mwanzoni mwa 1968, kwa vigezo vya watu wanaohofia ajali: pawe karibu na ikweta ya Mwezi, mafuta yatoshe, njia ya kushukia isipite juu ya milima, na jua liwe chini upande wa nyuma wa chombo ili vivuli viyaonyeshe mawe. Ranger 8 ilikuwa imeupiga picha zaidi ya 7,000 uwanda huo kabla ya kujibamiza juu yake mwaka 1965, na Surveyor 5 ilitua humo mwaka 1967, ikathibitisha kwamba ardhi inabeba uzito. Maandalizi yote hayo hayakutosha. Katika dakika za mwisho Armstrong aliona kwamba kompyuta inawapeleka kwenye mawe makubwa yaliyotapakaa kando ya kreta pana, akashika usukani mwenyewe, akaivuka, na kutua kama kilomita 6 mbele ya pale palipokusudiwa, mafuta yakiwa yamebaki ya sekunde chache. Kwa hiyo hata mahali hasa pa kutua hapakuamuliwa Washington.

Wala safari haikuendeshwa kutoka Marekani pekee. Dunia inazunguka, na chombo kilicho mbali hakiwezi kufuatwa na antena zilizo upande mmoja. Picha za hatua ya kwanza zilizorushwa kote duniani zilipokelewa na kituo cha Honeysuckle Creek, karibu na Canberra, kisha antena kubwa ya Parkes ikachukua zamu. Hispania nayo ilikuwa na kituo chake karibu na Madrid. Mtandao huo wa vituo ulikua kutoka ule wa mradi wa Mercury, uliowapeleka Wamarekani wa kwanza angani, na mmoja wa minyororo yake ulipita Tunguu, Unguja. Februari 1962, mwanaanga John Glenn alipoizunguka Dunia, kituo cha Tunguu kilikuwa kati ya vile vilivyozungumza naye. Wapo Wazanzibari walioupinga mradi huo wakihofia kwamba kisiwa kitaingizwa katika ugomvi wa mataifa makubwa, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga katika miaka ile. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali mpya iliamuru kituo kiondolewe. Hata hivyo, njia ya kwenda Bahari ya Utulivu ilikwisha kupita pale, na haki ya kuisimulia si ya wenye roketi peke yao.

Armstrong na mwenzake Buzz Aldrin walikaa nje ya chombo kwa saa 2 na dakika 31. Wengi wetu tunaukumbuka muda huo kwa bendera, ilhali sehemu kubwa yake ilikuwa kazi. Kabla bendera haijasimikwa, Aldrin alitundika karatasi ya alumini iliyotoka Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, ili inase chembe zinazopeperushwa na Jua. Ilikaa dakika 77, ikakunjwa na kurudishwa Duniani. Kisha likaja pipa dogo la kupima mitetemo ya Mwezi, lililofanya kazi kwa siku 21, na kibao chenye vipande 100 vya kioo vinavyorudisha mwanga wa leza kule ulikotoka. Kibao hicho hakina betri wala waya, kwa hiyo bado kinafanya kazi: wanasayansi wa nchi mbalimbali bado wanakimulika, na vipimo vya aina hiyo ndivyo vinavyotuambia kwamba Mwezi unasogea mbali nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Kilichobadilisha elimu zaidi, kwa maoni yangu, ni udongo. Wanaanga walirudi na kilo 21.5 za mawe na vumbi. Mawe yenyewe yalikuwa meusi, kama ilivyotarajiwa kwa uwanda wa volkano. Lakini ndani ya vumbi, mwanasayansi John Wood na wenzake walikuta vipande vidogo vyeupe visivyofanana na ardhi ya pale. Walieleza kwamba vilirushwa kutoka nyanda za juu za Mwezi kwa kishindo cha vimondo, na kwamba mwamba mweupe wa aina hiyo hupatikana kwa wingi pale madini mepesi yanapoelea juu ya mwamba ulioyeyuka. Wakahitimisha kwamba Mwezi mzima, ulipokuwa mchanga, ulifunikwa na bahari ya mwamba wa moto. Wazo hilo, lililotokana na punje unazoweza kuzishika kwa ncha za vidole, bado ndiyo nguzo ya kueleza Mwezi ulivyoumbika.

Kuna wanaosema kwamba haya yote ni mapambo juu ya jambo la kisiasa, na kwamba fedha zilitumika vibaya. Hoja hii ni nzito. Apollo iligharimu takriban dola bilioni 25. Siku moja kabla ya roketi kuondoka, Mchungaji Ralph Abernathy aliongoza familia maskini hadi Cape Kennedy, pamoja na mikokoteni ya nyumbu, kuuliza vipi nchi inayofika Mwezini ishindwe kulisha watoto wake. Swali lake lilikuwa la haki na halijapata jibu kamili. Ila ni swali kuhusu uamuzi wa serikali ya wakati ule, na halituambii tupafanye nini mahali palipokwisha kuwa historia. Robben Island iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na hakuna aliyeiweka pale ili kuusifu ubaguzi wa rangi. Kuhifadhi mahali ni kuhifadhi ushahidi, ukiwemo ushahidi wa gharama yake.

Wengine huonyesha bendera na kusema: mwenye mali amekwisha kujulikana. Lakini Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha Mwezi, na Marekani yenyewe iliutia saini. Aldrin alisimulia kwamba aliiona bendera ikianguka chombo kiliporuka kuondoka. Vilivyobaki pale ni pamoja na medali za wanaanga wa Kisovieti Yuri Gagarin na Vladimir Komarov, nembo ya wanaanga watatu waliokufa katika moto wa Apollo 1, na kisahani cha silikoni chenye salamu za viongozi wa nchi 73. Na kwa anayedai kwamba hakuna aliyefika, picha za chombo LRO kilichoanza kuuzunguka Mwezi mwaka 2009 zinaonyesha sehemu ya chini ya Eagle pamoja na njia ya miguu ya Armstrong hadi kwenye kreta ndogo iliyo upande wa mashariki.

Njia hiyo ya miguu haina mlinzi. Kwa sheria, vifaa vilivyoachwa bado ni mali ya Marekani, lakini ardhi haina mwenyewe, na nyayo ni ardhi. Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972 unataka nchi ipendekeze mahali palipo ndani ya mipaka yake, kwa hiyo hakuna anayeweza kukipendekeza Kituo cha Utulivu. California na New Mexico zilivisajili vitu vyake mwaka 2010, bila kuigusa ardhi. Mwaka 2011 NASA ilishauri vyombo visikaribie eneo la Apollo 11 kwa mita 75 na visitue ndani ya kilomita 2, na sheria ya Marekani ya Desemba 2020 ikaupa ushauri huo nguvu, ila tu kwa wanaoshirikiana na NASA.

Tahadhari hiyo haijatiliwa chumvi. Novemba 1969, Apollo 12 ilitua kama mita 160 kutoka Surveyor 3, na vipande vya Surveyor hiyo viliporudishwa Duniani vilionekana vimekwanguliwa na vumbi lililorushwa na injini. Pasipo hewa ya kulipunguza kasi, vumbi hilo huruka mbali sana. Chombo kimoja kinachotua karibu kwa uzembe kinaweza kuzifuta nyayo zilizokaa miongo mitano na zaidi.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliona kuwa la maana kuliko yote: kwamba kuzungushia eneo mpaka ni kulimiliki kwa mlango wa nyuma. Ni kweli, iwapo mpaka unachorwa na nchi moja. Kwa hiyo uchorwe na Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Matumizi ya Amani ya Anga za Juu, iliyo Vienna, ambako Kenya ni mwanachama na inaweza kulisema hili, na kanuni hiyohiyo ilinde pia pale ilipotua Luna 9 ya Wasovieti mwaka 1966, Chang'e 4 ya China mwaka 2019, na Chandrayaan-3 ya India mwaka 2023.