Kuhamisha kisa kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine

Kama umewahi kuhamisha programu kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, unajua kwamba kubadilisha majina ni kazi ya dakika kumi. Kinachokukesha ni yale mambo ambayo mwandishi wa kwanza aliyachukulia kuwa yapo, bila kuyaandika popote. Leo tuwaangalie watu waliopambana na shida hiyohiyo bila tarakilishi, kwa karatasi, penseli na dadu.

Kwa wale wasioujua mchezo wa Dungeons & Dragons: ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu huketi mezani, kila mmoja akiwa na mhusika wake, na mmoja wao huwa msimulizi. Msimulizi asiye na muda wa kutunga hununua kijitabu chenye kisa kilicho tayari: ramani, mitego, mazimwi, hazina. Taabu ni kwamba mara nyingi kisa kimetungiwa ulimwengu mmoja wa kubuni, na wachezaji wake wanaishi katika mwingine.

Mfano ninaoupenda ni Pharaoh. Uliandikwa na Tracy na Laura Hickman, mtu na mkewe, ambao waliuchapisha wenyewe kwanza. Baadaye waliuuza kwa TSR, kampuni iliyoumiliki mchezo huo, nayo ikautoa mwaka 1982. Hickman amesimulia kwamba waliuza kazi zao kwa sababu walihitaji pesa za kuwanunulia watoto viatu.

Kisa chenyewe ni hiki. Firauni Amun-re anajijengea piramidi ambayo mwizi hawezi kuiibia. Raia wanachoka naye, wanaasi, anauawa, na kwa laana mto uliowalisha unakauka hadi nchi inakuwa jangwa. Roho yake haitapumzika mpaka mtu aibe hazina ya kaburi lake. Yaani unakutana na mzimu jangwani, nao unakusihi uuibie! Mwaka 1983 vikafuata vijitabu viwili vya kuendeleza hadithi. Humo mna mashehe, wachawi, hata ifriti, jina ambalo sisi wa Kiswahili hatukuhitaji kuelezwa na mtu.

Ila kuna swali ambalo kisa hakikulijibu. Ikiwa ulimwengu huu haujawahi kuwa na Misri, firauni katokea wapi? Mwaka 1982 hakuna aliyejali. Jangwa lile lilikuwa jangwa tu, halina mashariki wala magharibi, ulibandike popote.

Mambo yakabadilika kwa sababu za biashara. Gygax, aliyebuni ulimwengu wa Greyhawk, alipoteza uongozi wa TSR mwaka 1985 na kuondoka kabisa mwaka uliofuata. Kampuni ilihitaji ulimwengu mpya. Ikanunua Forgotten Realms, uliobuniwa tangu utotoni na Ed Greenwood, mfanyakazi wa maktaba nchini Kanada, na kuutoa mwaka 1987. Ulimwengu mpya unahitaji bidhaa haraka, kwa hiyo vitu vilivyokuwa tayari vikaanza kuhamishiwa humo. Douglas Niles alikuwa ametayarisha visiwa vya mtindo wa Kiselti kwa mradi mwingine kabisa. Vikageuzwa visiwa vya Moonshae, na riwaya yake ya 1987 ikawa ya kwanza ya Forgotten Realms. Nchi za Kara-Tur, zilizotolewa mwaka 1985 na ambazo hazikuwa za Greenwood, nazo zikashonwa upande wa mashariki.

Na vile vijitabu vitatu vya jangwani? Mwaka huohuo wa 1987 vilikusanywa kuwa kitabu kimoja, Desert of Desolation, na jangwa likapewa jina na mahali: Raurin, mashariki ya nchi ya Mulhorand. Kufikia hapo ni kazi ya kutafuta na kubadilisha, ile ya dakika kumi. Kilichonifurahisha ni kilichofuata. Mulhorand ni nchi inayoabudu miungu ya Misri, na kitabu cha Old Empires cha mwaka 1990 kilieleza sababu: zamani wachawi wa dola ya Imaskar walifungua milango ya kwenda ulimwengu mwingine, wakateka watu na kuwaleta utumwani. Miungu ya watu hao ikawafuata. Vita vikapiganwa, Imaskar ikaanguka, na nchi yake ikabaki mchanga wa Raurin.

Soma tena hapo. Sasa firauni ana sababu ya kuwapo. Wanaokanyaga mchanga ule wanatembea juu ya historia ya utumwa na kisasi, jambo ambalo halikuwamo katika kisa cha Hickman. Kwangu mimi huko ndiko kuhamisha kwa kweli.

Visa vingine havihitaji jasho hilo. Tomb of Horrors ya Gygax, ya mwaka 1978, ni kilima chenye kaburi na mitego ya kuua. Kilima hakiulizi mfalme ni nani, kipandishe unapotaka. Ravenloft, kazi nyingine ya akina Hickman, ya mwaka 1983, ilikuja na ukuta wake yenyewe: ukungu wa sumu unaozingira kijiji, anayeingia hatoki. Ni kama programu iliyofungiwa ndani ya mashine pepe, haigusi chochote cha mwenyeji wake. Ndiyo maana mwaka 1990 ngome ile iliweza kujengewa ulimwengu mzima, na mwaka 2016 ikarudi katika Curse of Strahd, ambapo ukungu unaweza kuwanyakua wachezaji kutoka ulimwengu wowote.

Sasa tufanye jaribio. Tuseme nataka kuihamishia Pharaoh katika Dark Sun, ulimwengu wa mwaka 1991. Jangwa kwa jangwa, utadhani inaingia kama ufunguo katika kufuli lake. Lakini Dark Sun haina miungu, kwa hiyo hakuna wa kuitikia laana ya Amun-re. Huko chuma ni adimu kuliko kitu chochote, na sarafu za kawaida ni za udongo wa kuchoma. Na ardhi ilikaushwa na wachawi wanaofyonza uhai wa mimea. Basi firauni wangu itabidi awe mmoja wa wachawi hao, mto ufe kwa uchawi wake mwenyewe, na raia waasi wakiwa wamechelewa. Hazina iwe chuma, au kisima. Hapo sijabadilisha jina hata moja, na tayari ni kisa kingine.

Ukipeleka hazina ya dhahabu Krynn, ulimwengu wa Dragonlance, utapata kichekesho kingine: huko sarafu yenye thamani ni ya chuma cha pua, dhahabu haina maana kubwa. Wachezaji watapigana na mazimwi siku tatu kwa ajili ya mzigo wa kuwachosha punda.

Kwa kucheza nyumbani hakuna anayekuuliza. Ukitaka kuchapisha, hapo kuna sheria. Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, mmiliki wa sasa, iliweka kanuni za msingi za mchezo chini ya leseni huria ya Creative Commons. Leseni hiyo haikuachilia Raurin wala Mulhorand, kwa hiyo hao utawaondoa kwanza.