Alama Moja Haitoshi: Muhogo wa Katavi na Funzo la Ngano

Mkulima wa Katumba au Mishamo mara nyingi hanunui mbegu ya muhogo. Hukata pingili shambani kwake au huomba kwa jirani, na pengine hubeba humo virusi asivyoviona. Ugonjwa wa batobato hujionyesha kwenye majani. Ule wa michirizi ya kahawia huweza kujificha hadi siku ya kung'oa, mizizi ipasuliwe na kukutwa imeoza ndani. Kwa kuwa virusi hivi havina dawa ya kupulizia, kinga ya kutegemewa ni ile iliyomo ndani ya mmea wenyewe.

Alama za vinasaba zimerahisisha kuitafuta kinga hiyo. Mtafiti huchukua kipande cha jani la mche mchanga na kuangalia kama DNA yake ina alama inayoandamana na ukinzani, bila kungoja mavuno. Kwa batobato, alama inayotegemewa mno ni ya CMD2, eneo la kromosomu ya 12 lililotambuliwa kwanza katika muhogo wa wakulima wa Nigeria.

Utegemezi huo ndio unaonitia hofu, nikikumbuka yaliyoipata ngano. Mwaka 1998, nchini Uganda, ilipatikana kutu ya shina la ngano, ugonjwa wa kuvu, iliyokuja kuitwa Ug99. Iliishinda Sr31, jeni ya ukinzani iliyokuwa imesambazwa katika ngano ya mabara kadhaa. Jeni nyingine, Sr24, ilipotazamiwa kuziba pengo, kufikia 2006 kutu nyingine ya ukoo huohuo ilikuwa imeishinda nchini Kenya. Alama hazikudanganya: jeni ilikuwemo. Ila kuwemo kwake hakukuzuia tena ugonjwa.

Atakayenipinga atasema virusi si kuvu, na CMD2 imestahimili kwa miaka mingi. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Utafiti wa 2022 ulihusisha ukinzani huo na badiliko dogo katika jeni ya kimeng'enya kinachonakili DNA ya mmea, nyenzo ambayo huenda virusi navyo vinaihitaji. Lakini mihogo yenye CMD2 iliyooteshwa upya maabara kutoka kwenye seli ilionekana kupoteza ukinzani, ingawa ukoo wake haukubadilika. Jina la aina, basi, si dhamana.

Michirizi ya kahawia inatuonya zaidi. Utafiti uliochapishwa 2017 juu ya uzao wa Namikonga na Albert, aina mbili za wakulima wa Tanzania, ulikuta ukinzani umetawanyika katika sehemu kadhaa za kromosomu. Hapa hakuna alama moja ya kukimbilia. Sehemu hizo zinapaswa kukusanywa katika mmea mmoja, kazi inayokumbusha subira ya watafiti wa kituo cha Amani, Tanzania, miaka ya 1930, walipochanganya muhogo na jamaa yake wa mwituni, mpira wa Ceará.

Kwa hiyo aina iliyopita maabara isiidhinishwe kwa Katavi kwa matokeo ya maabara na ya mikoa mingine peke yake. Ipandwe Katumba na Mishamo, katikati ya mashamba yenye ugonjwa na inzi weupe wanaoeneza virusi hivyo. Pingili zake zikatwe na kupandwa tena msimu baada ya msimu, kama wakulima wafanyavyo, na kila mavuno mizizi ipasuliwe mbele yao.