Ukoo wa Nyikani: Kuielewa Lamiya ya Shanfara

Zinapotajwa kasida za Kiarabu mbele ya wapenzi wa ushairi wa mwambao wetu, fikra huenda haraka kwenye Burdai na Hamziya za Al-Busiri. Hamziya imepata hata tafsiri ya Kiswahili cha kale, kazi ya Sayyid Aidarusi. Iko kasida nyingine ambayo haimo katika ada zetu za maulidi, na ambayo mwenye kupenda tungo hana budi kuijua. Nayo ni Lamiyatul Arab, inayonasibishwa na Shanfara wa kabila la Azd, aliyeishi Bara Arabu kabla ya kuja Uislamu. Ni kauli ya mtu aliyeyapa kisogo maskani ya watu akaenda kutangatanga nyikani. Wengi huisoma kama sifa ya uhuru na uzuri wa maumbile. Lakini mwenye kuifuata kwa utulivu, ubeti baada ya ubeti, ataona kwamba nyika si shabaha yake. Shairi hili linazungumzia udugu, na khasa udugu uliovunjika.

Tuanze na umbo lake. Imeitwa lamiya kwa sababu beti zake zote, ambazo katika riwaya mashuhuri ni 68, humalizikia kwa herufi ya lamu. Aliyezoea tenzi atalielewa jambo hili bila ya taabu, kwani ni mfano wa kina cha bahari ambacho mtungaji hukishika tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Bahari yake ni tawili, yenye mizani 14 katika kila nusu ya ubeti. Ni mwendo mrefu usio na pupa, nao umelifaa shairi la mtu ambaye hana pa kufika.

Kutangatanga kwa Shanfara hakukuwa matembezi. Katika Bara Arabu ya zama zile hapakuwa na dola ya kumlinda mtu, wala kadhi wa kumshitakia. Ngao ya mtu ilikuwa kabila lake, kwani akiuawa, jamaa zake ndio waliodai damu yake. Aliyefukuzwa, au aliyejitoa mwenyewe, damu yake haikuwa na mwenye kuidai. Watu wa namna hiyo waliitwa sa'alik, nao waliishi kwa njaa, kwa mbio na kwa kuvamia. Miongoni mwao wamo washairi wakubwa, kama Taabbata Sharran na Urwa bin al-Ward.

Sasa tutazame shairi linavyofunguka. Ada ya kasida ya kale ni mshairi kusimama penye magofu ya kambi na kumlilia mpenzi aliyehama, kisha kusafiri, na mwisho kurejea kwa watu wake na kujifakhiri nao. Shanfara hakulia penye magofu yoyote. Anaanza kwa kuwaambia jamaa zake wawatayarishe wanyama wao kwa safari, kwani yeye moyo wake umekwisha kuelekea kwa watu wengine. Na anapowaita, hawaiti kwa jina la kabila wala la baba. Anawaita wana wa mama yake. Ametumia neno la karibu kuliko yote kutangaza utengano ulio mkubwa kuliko yote.

Hao watu wengine ni nani? Ni mbwa-mwitu mwenye mbio, chui mwenye madoa na fisi mwenye manyoya marefu shingoni. Hapa ndipo msomaji anapopaswa kutua. Mshairi hawasifu wanyama hawa kwa uzuri wao. Anawasifu kwa mambo mawili: kwamba hawatoi siri waliyowekewa, na kwamba hawamtupi mwenzao kwa sababu ya kosa alilolitenda. Sifa hizi si za wanyama, ni wajibu wa ndugu. Kila anapomsifu mbwa-mwitu anamshitaki nduguye, na nyika yote imegeuka kuwa baraza la hukumu.

Ndivyo ilivyo hata katika njaa. Shanfara anasema kwamba huivumilia njaa mpaka akaisahau, na kwamba bora ale mchanga wa ardhi kuliko kumpa mtu nafasi ya kumsimbulia. Anajisifu pia kwamba mikono inaponyooka kwenye chakula, wake hauwi wa mwanzo. Lakini adabu ya chakula ni adabu ya sinia moja wanayoizunguka watu wengi. Peke yake nyikani, anaangaliwa na nani? Mtu huyu ameihama jamii lakini ameondoka na sheria zake zote.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa haraka hulipita: shairi limejaa vilio vya matanga. Upinde unapotoa mshale hulia kama mama aliyefiliwa. Mbwa-mwitu wenye njaa wanapoitikiana, sauti zao hufananishwa na wanawake wanaoomboleza juu ya kilima. Mtu ambaye hana wa kumlilia amezigawa sauti za msiba kwa silaha yake na kwa wanyama. Wala asidhaniwe kuwa yeye ni mdhulumiwa tu. Katika usiku wa baridi kali, ambao mtu huuchoma upinde wake apate kuota moto, Shanfara alivamia kambi, akaacha wajane na mayatima, akarudi gizani. Shairi halimtakasi.

Wapokezi wa kale, na miongoni mwao mtungaji wa Kitabul Aghani, Abul Faraj al-Isfahani, aliyefariki mwaka 967, wamesimulia kisa chake. Inasemekana kwamba alichukuliwa mateka akiwa mtoto, akalelewa na watu wa Salaman akidhani ni mmoja wao. Siku moja alimwita binti wa nyumba ile dada, akamtaka amwoshe kichwa. Binti akaukataa udugu ule na kumpiga kofi. Hapo ndipo alipojua kuwa hana kwao, akaapa kuwaua watu 100 wa kabila hilo. Kisa kina harufu ya ngano. Lakini mwenye kukijua hushituka anapozifikia beti za mwishoni, ambamo Shanfara anaeleza nywele zake zilizogandamana, ambazo hazijaguswa na mafuta wala kuoshwa kwa mwaka mzima. Kichwa ambacho hakikupata dada wa kukiosha kimebaki vile vile.

Yako mabishano juu ya mtungaji. Imepokewa kutoka kwa Ibn Duraid, aliyefariki mwaka 933, kwamba Lamiya ni kazi ya Khalaf al-Ahmar, mpokezi mashuhuri wa mashairi wa mji wa Basra katika karne ya 8. Wengine wameshikilia kuwa ni ya Shanfara mwenyewe, na Zamakhshari, aliyefariki mwaka 1144, aliitungia sherehe maalumu. Ikiwa kweli ni ya Khalaf, basi maana yake haipungui, kwani Khalaf alikuwa maula, mtu aliyeunganishwa na Waarabu kwa fungamano na si kwa damu. Naye pia angeyajua machungu ya udugu wa kuazima.

Kwetu sisi, jina la Fumo Liyongo haliwezi kukosekana hapa. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo naye anawindwa na mtawala wa Pate na kukimbilia mwituni. Lakini mwitu wa Liyongo una watu, Wasanye na Wadahalo, na hata alipokuwa kifungoni mama yake alimpelekea tupa ndani ya mkate. Udugu ulimwokoa, na udugu ukamwua kwa mkono wa mwanawe. Shanfara hakubakiwa na yeyote wa kumwokoa wala wa kumsaliti.

Mtaalamu wa Marekani, Suzanne Stetkevych, aliandika mwaka 1984 kwamba msafiri wa Lamiya ni mtu aliyekwama njiani, kwani ametoka lakini harejei. Beti za mwisho zinathibitisha. Jioni inaingia, na mbuzi majike wa milimani wanamzunguka mshairi kama wanawali waliovaa nguo za kuburura, wakisimama naye kana kwamba ni beberu wao. Kasida nyingine zingelimrejesha kwenye kabila lake. Hii imemwacha mlimani. Na tazama mfano alioutumia: katika saa ile ambayo wanyama wamemkubali kuwa wao, macho yake bado yanaona wanawali wa kambini.