Gurudumu Nalo Ni Shahidi: Namna ya Kuyatambua Magari ya Zamani ya Marekani



Mwalimu wetu wa historia alitufundisha kwamba hati isiyochunguzwa haiaminiki. Nilipomaliza shule niliingia katika ufundi wa magari, nikaona kuwa somo lile lafaa hata gereji. Gari la zamani ni hati, na wapo wanaoighushi. Mtu huuziwa gari kwa bei kubwa akiambiwa kila kitu ni cha asili, kumbe limeungwa kwa vipuri vya magari matatu.

Natoa mfano wa Ford. Model T, iliyotengenezwa tangu 1908 hadi 1927, kwa miaka mingi ilitembelea magurudumu yenye spoku za mbao. Iliyofuata, Model A, ilikuwa na spoku za chuma zilizounganishwa kwa kuchomelewa. Tangu hapo magurudumu yakawa yanapungua. Model A za 1928 na 1929 zina rimu za inchi 21; za 1930 na 1931 zina inchi 19. Ford ya 1932 ina inchi 18, za 1933 na 1934 inchi 17, na ya 1935 inchi 16. Mwaka 1936 spoku za waya ziliachwa, zikaja rimu za bati la chuma. Basi mwenye futi ya kupimia aweza kukisia umri wa gari kabla hata ya kufungua boneti.

Lakini shahidi mmoja hatoshi. Rimu ya inchi 19 huingia vizuri katika bolti tano za gari la 1929, na wengi walibadilisha. Kwa hiyo itazameni pia injini. Nambari ya Model A imegongwa ubavuni mwa injini, upande wa kushoto, na nambari hiyo hiyo iligongwa kwenye fremu, mahali panapofichwa na bodi. Zikilingana, injini na fremu vilitoka kiwandani pamoja.

Ama Chevrolet za miaka ya 1960, chuma chenyewe kina tarehe iliyosubiwa ndani yake. Herufi ni mwezi, A ikiwa Januari na L Desemba; kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. B 15 7 ni tarehe 15 Februari, 1967. Kanuni ni nyepesi: mtoto hamtangulii mzazi. Injini iliyosubiwa mwezi Mei haiwezi kuwa ya asili katika gari lililoundwa Machi.

Hapo yafaa tutofautishe maneno mawili. Kipuri sahihi ni cha aina na mwaka ule ule. Kipuri cha asili ni kile kile kilichozaliwa na gari. Kutia kipuri sahihi si kosa, maana vyuma huchakaa. Kosa ni kukiita cha asili. Wajanja husaga nambari ya zamani na kugonga mpya, kwa hiyo tazameni kama uso wa chuma una mikwaruzo isiyo ya kiwandani.

Tena, msihukumu kwa haraka. Ford nyingi zilizoletwa katika makoloni ya Kiingereza, Afrika Mashariki ikiwamo, zilitoka kiwanda cha Kanada, zikiwa na usukani wa kulia. Nambari za Model A za huko huanza kwa CA, ilhali za Marekani huanza kwa A. Asiyejua historia hiyo ataliita bandia gari lililo halali kabisa.

Vijana, msidhani historia imo vitabuni tu. Imo katika kila chuma kilichogongwa nambari. Ulizeni: kilitengenezwa lini, wapi, na nani anafaidika nikiamini? Mwenye kuuliza hivyo hapunjwi kwa urahisi, awe ananunua gari au anasoma gazeti.