Kenya: Neno 'hasla' lilivyochora mstari kati ya walalahoi na wenye nacho

Mwezi Juni mwaka 2022, William Ruto alipofika mbele ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya Kenya (IEBC) kuwasilisha karatasi za kugombea urais, waliojitokeza kumpendekeza na kumuunga mkono hawakuwa maprofesa wala wafanyabiashara wakubwa. Walikuwa mama anayeuza mboga na mwendesha bodaboda. Aliyependekezwa alikuwa Naibu Rais kwa miaka tisa, mmiliki wa mashamba na hoteli, na msomi mwenye shahada ya uzamivu ya ikolojia ya mimea kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Picha hiyo haikuwashangaza wafuasi wake hata kidogo. Kwa zaidi ya miaka miwili walikuwa wamezoeshwa kuiona nchi yao kwa namna hiyo: upande mmoja 'mahasla', upande wa pili 'nasaba', yaani familia chache zinazorithishana madaraka na mali.

Neno hasla limetoka kwenye Kiingereza, ambako mara nyingi hunuka utapeli. Mitaani Nairobi maana yake imegeuka. Hasla ni mtu anayehangaikia riziki: leo kibarua cha ujenzi, kesho mitumba, keshokutwa mkokoteni. Mtanzania angemwita mlalahoi, ila kuna tofauti isiyo ndogo. Mlalahoi hulala akiwa hoi, hana zaidi. Hasla amechoka vilevile, lakini anaamini kuwa siku moja atatoka. Kwa hiyo neno hilo liliwakusanya pamoja kijana asiye na ajira na tajiri anayesema alianzia sifuri, na Ruto akaweza kulivaa bila wasikilizaji wake kuona kichekesho. Alizaliwa mwaka 1966 kijijini Kamagut, Uasin Gishu, na mara nyingi husimulia kwamba aliuza kuku kando ya barabara na kuvaa viatu kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 15.

Waliokuwa upande wa pili hawakuhitaji kutajwa kwa majina. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, ni mwana wa Rais wa kwanza, Jomo Kenyatta. Raila Odinga alikuwa mwana wa Makamu wa Rais wa kwanza, Jaramogi Oginga Odinga. Wawili hao walipopeana mikono tarehe 9 Machi 2018 na kumaliza uhasama wao, Naibu Rais alijikuta akisukumwa pembeni ndani ya serikali yake mwenyewe. Ugomvi wa ofisini ukageuzwa kuwa hadithi ya taifa, nayo ikaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kufukuzwa langoni mwa nyumba ya tajiri.

Historia haikuwa nyepesi hivyo. Jaramogi ndiye aliyejitenga na Jomo Kenyatta mwaka 1966 akiwatetea wasio na ardhi, pamoja na Bildad Kaggia, ambaye Kenyatta alikuwa amemkebehi hadharani kwa kutojilimbikizia mali. Mbunge J.M. Kariuki, aliyelalamika kwamba Kenya inageuka nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi, aliuawa mwaka 1975. Naye Raila aliliwakilisha kwa miongo miwili jimbo la Lang'ata, lililojumuisha mabanda ya Kibera. Mtu huyo kuwekwa upande wa mabwanyenye lilikuwa tukio la kisiasa la aina yake, na lilifanywa kwa maneno matupu.

Hata hivyo maneno hayo yalikuwa na pa kushikia. Nchini Kenya zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo kidogo ziko katika sekta isiyo rasmi, inayoitwa jua kali. Watu hao husikia habari za uchumi wao zikizungumzwa kwa lugha isiyo yao. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini bajeti, hukumu na mikutano ya wakubwa bado huendeshwa zaidi kwa Kiingereza. Ruto aliyabeba mambo ya kodi na mikopo hadi sokoni, akayasema kwa Kiswahili cha sokoni: mama mboga, bodaboda, kinyozi. Chama chake, UDA, kilichukua wilibaro kuwa alama, na kaulimbiu yake ikawa 'Kazi ni Kazi'.

Wapinzani wake waliicheka wilibaro. Wasomi waliuliza ni kiongozi gani anayewaahidi vijana waliohitimu chuo kikuu kifaa cha kusukumia mchanga. Hoja ilikuwa na uzito, lakini kila kicheko kilipelekwa jukwaani siku iliyofuata kuwa ushahidi kwamba wakubwa wanaidharau kazi ya mikono. Septemba 2021 Waziri wa Mambo ya Ndani Fred Matiang'i aliieleza kamati ya Bunge kuhusu mali za Naibu Rais zinazolindwa na polisi, akidhani huenda orodha hiyo ingemaliza ubishi. Haikumaliza, kwa sababu mstari uliochorwa haukuwa wa fedha. Ulikuwa wa heshima: nani anamsalimia mama mboga kwa jina la kazi yake, na nani anapita na kioo cha gari kikiwa juu. Baadhi ya viongozi walionya kuwa lugha hiyo ingezua vita vya kitabaka, na Oktoba 2020 watu wawili waliuawa katika ghasia za mahasimu wa kisiasa huko Kenol, Murang'a, kabla ya Ruto kuhudhuria ibada ya kanisa.

Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 ulimpa Ruto kura milioni 7.18, sawa na asilimia 50.49, dhidi ya milioni 6.94 za Odinga. Aliongoza hata Kiambu, nyumbani kwa Kenyatta, dhidi ya mgombea aliyeungwa mkono na Kenyatta mwenyewe. Hapo lugha ya tabaka ilifanya kazi. Lakini Nairobi na Mombasa, miji yenye mahasla wengi kupindukia, zilimchagua Odinga, na Kibera haikumwacha. Bonde la Ufa na eneo la Mlima Kenya vilibaki kuwa nguzo za mshindi. Tabaka liliuchanachana ukabila bila kuuondoa, na takriban theluthi moja ya waliojiandikisha hawakupiga kura kabisa.

Baada ya kuapishwa, serikali iliondoa ruzuku ya unga na kupunguza ya mafuta. Novemba 2022 ulizinduliwa Mfuko wa Hasla, unaokopesha kwa simu kuanzia shilingi 500. Mwaka uliofuata kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, gharama ambayo mwendesha bodaboda huilipa kila asubuhi kituoni. Mkali wa jukwaani hakubadilika. Agosti 2023, akizungumzia waliokwamisha kufufuliwa kwa kiwanda cha sukari cha Mumias, Rais alisema mambo ni matatu: wahame nchi, waende jela, au wasafiri mbinguni. Umati ulishangilia. Mawakili walishtuka, na ‘mambo ni matatu’ ikawa msemo wa mitaani.

Mitaa nayo ilikuwa na lake. Ilimbatiza Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia aliyepanda mkuyu, na kumtaka ashuke. Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipopendekeza kodi kwenye mkate na magari, vijana waliofasiri vifungu vyake kwa Kiswahili, Sheng na lugha za mama waliingia barabarani, wahitimu pamoja na wachuuzi. Tarehe 25 Juni waandamanaji walivamia Bunge, polisi wakafyatua risasi. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya kipindi hicho. Siku iliyofuata Rais alikataa kutia saini muswada huo, na Julai akalivunja baraza lake la mawaziri.

Nafasi kadhaa katika baraza jipya zilikwenda kwa wanachama wa ODM, chama cha Odinga. Desemba mwaka huohuo Ruto alimtembelea Uhuru Kenyatta nyumbani kwake Gatundu, na Machi 2025 akatia saini makubaliano ya ushirikiano na Odinga, miezi michache kabla ya kifo cha mwanasiasa huyo mkongwe. Wilibaro ingali alama ya UDA kuelekea uchaguzi wa mwaka 2027.