Mswada Mmoja, Milango Mingi: Adabu za Mwandishi wa Masasi na Newala

Barua ya posa haipelekwi nyumba mbili siku moja. Si kwamba kijana hana haki ya kuchagua, bali kila nyumba inayopokea barua hiyo hukaa, hushauriana na wazee na kuulizana habari za ukoo, na taabu hiyo ni heshima isiyofaa kuchezewa. Adabu za mwandishi apelekaye mswada wake kwa wasomaji wengi zafanana na hizo. Aghalabu hudhaniwa kuwa ni desturi za kigeni, zilizotungwa na mawakala wa waandishi tangu A. P. Watt alipoanza kazi hiyo London katika miaka ya 1870. Walakini habari za Masasi na Newala zaonyesha kuwa huku zilikuwa na asili yake nyingine: uhaba wa nakala, urefu wa njia, na uchache wa milango ya kubisha. Asili hizo zimebadilika. Basi yafaa kuuliza ni adabu ipi iliyobaki.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, na kijiji chao kikajengwa Masasi. Chauncy Maples alifika mwaka uliofuata, na mwaka 1879 kitabu chake kidogo juu ya lugha ya Kimakua kilichapwa London. Baadaye misheni ilikuwa na kituo Newala pia, juu ya uwanda wa Wamakonde, katika nchi ya Matola. Vijana wa vituo hivyo walisomeshwa Kiungani, Unguja, wakarudi kuwa walimu. Mwezi wa Oktoba 1888 wanafunzi wa Kiungani walianzisha gazeti lao, *Msimulizi*, nao walimu waliotawanyika bara wakawa waandishi wake. Habari ya Newala iliteremka uwandani, ikachukuliwa kwa miguu mpaka Lindi, ikangoja chombo cha kwenda Unguja. Mlango ulikuwa mmoja tu. Hapakuwa na haja ya kumwonya mwandishi asibishe kwingine, maana kwingine hapakuwako.

Tena aliyeandika kwa mkono alikuwa na nakala moja, ila akubali kuandika yote upya. Hatari yake haikuwa ndogo. Mwezi wa Septemba 1882 Magwangwara waliishambulia Masasi, na mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, kituo hicho kilichomwa moto. Mahali penye historia ya namna hiyo, kutoa karatasi zako za pekee kumpa msafiri ni kutoa amana. Ndipo ilipotoka adabu ya kwanza, nayo ilimpasa mpokeaji kabla ya mwandishi: kukiri kwamba mzigo umefika, kuutunza, na kuurudisha usipofaa.

Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kazi yake moja ilikuwa kusoma miswada, hasa ya vitabu vya shule, na kuipa kibali iliyolingana na Kiswahili sanifu. Hapo mswada ulianza kusomwa na watu kadha wa kadha, lakini ulipita mlango mmoja, na mwandishi aliyekataliwa hakuwa na baraza jingine la kukata rufani. Kwa mtu wa Masasi, aliyejifunza Kiswahili juu ya Kimakua au Kiyao, au wa Newala aliyekijenga juu ya Kimakonde, jambo hili lilikuwa zito: neno la kwao laweza kufutwa na kalamu ya msomaji asiyelijua.

Waliotaka kubisha milango mingi walifanya hivyo kwa njia nyingine. Lyndon Harries, padre wa dayosisi ya Masasi, alitoa vitendawili vya Wamakua katika jarida la *African Studies* la Johannesburg mwaka 1942, na maelezo yake ya unyago wa Wamakonde yakatolewa na Taasisi ya Rhodes-Livingstone mwaka 1944. Shaaban Robert wa Tanga alifanya vivyo hivyo: *Maisha Yangu* kwa Nelson mwaka 1949, *Kusadikika* kwa Nelson mwaka 1951, *Adili na Nduguze* kwa Macmillan mwaka 1952. Milango ilikuwa mingi, lakini kila kazi ilipata mlango wake. Desturi hiyo ilimlinda mwandishi asiaibike na wachapaji wasigongane.

Kilichokaribia kuwa wakala wa kweli ni East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 makao yake yakiwa Nairobi, chini ya Charles Richards. Haikuwa wakala kama wale wa London, kwa kuwa haikuishi kwa fungu la malipo ya mwandishi. Walakini ilisoma miswada, ilishauri watungaji, ilichapa vingine kwa jina la Eagle Press, na vingine ikavitafutia kampuni ya kuvitoa. Kwa mwalimu wa Newala mwenye taipureta na karatasi ya kaboni, huu ulikuwa wakati wa jaribu jipya. Sasa nakala mbili zilitoka kwa pigo moja. Angeweza kupeleka moja kwa Bureau na nyingine moja kwa moja kwa kampuni ileile ambayo Bureau ingeiendea. Akifanya hivyo kwa siri, amemvunjia heshima mpatanishi wake, na pengine mswada uliokwisha kataliwa utaletwa tena mezani kwa jina la mwingine. Kwa hiyo kumpelekea wakala na mchapaji kwa wakati mmoja ni kosa kubwa kuliko kuwapelekea mawakala wawili.

Lakini haki haiko upande mmoja. Msomaji atakaye mswada uwe wake peke yake kwa muda ameomba kitu cha thamani, yaani wakati wa mtu. Akikaa kimya mwaka mzima, mwandishi huzeeka na maarifa aliyoyaandika hupitwa. Iliposemwa kwamba ahadi ni deni, hakutajwa mwandishi peke yake. Anayedai upweke wa mswada sharti ataje siku ya kujibu. Siku hiyo ikipita bila jibu, mwenye mswada yu huru kwenda kwingine, baada ya kuarifu.

Milango iliongezeka: East African Publishing House mwaka 1965, Tanzania Publishing House mwaka 1966. Bureau nayo ikatoweka mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Leo mswada wa Masasi hufika Dar es Salaam, Nairobi na London kwa dakika moja, na nakala haina gharama. Sababu ya uhaba imekufa, wala hapana haya tena kuwapelekea wengi pamoja, kama hawakukataza. Sababu ya taabu ya msomaji ingali hai.

Basi adabu zilizobaki ni chache. Mwandishi amwandikie kila mmoja kwa jina lake na kwa sababu yake, si waraka mmoja kwa wote. Aseme wazi tangu mwanzo kwamba wengine wanasoma. Mmoja akikubali, awape wengine habari mara moja na nafasi ya kusema neno lao, kisha achague na kuwashukuru waliobaki. Akiisha kumkubali mmoja asirudi sokoni kutafuta bei, maana mshika mbili moja humponyoka. Wale waliongoja chombo Lindi hawakuwa na nafasi ya kuvunja adabu hizi. Mwandishi wa leo anayo, na kwa hiyo ndiye wa kwanza ambaye uungwana wake waweza kupimwa.