Mcheza Kwao Hutunzwa. Na Mcheza Ugenini Je?

Wasikilizaji wetu, Waswahili husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ni ya kweli, maana watu wa nyumbani humjua mwana wao, huyaelewa maneno yake, na hutoa tuzo kwa furaha. Lakini yatupasa kuuliza jambo ambalo methali haikulitaja: mcheza ugenini hutunzwa na nani? Leo twataka kulijibu swali hilo kwa kutazama habari za Arusha na nchi iuzungukayo Mlima Meru, ambako kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa nyimbo mbalimbali wameishi jirani, mara wakidharauliana, mara wakifundishana.

Wenyeji wa miteremko ya mlima ni makabila mawili. Wameru husema lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kichaga. Waarusha ni wakulima, lakini lugha yao ni Kimaa, na uimbaji wao ni wa jamaa moja na ule wa Wamasai. Uimbaji huo hauna haja ya ngoma. Mwanzishaji, aitwaye olaranyani, hutoa wimbo. Wenziwe humwitikia kwa sauti nzito zitokazo kooni, na pumzi zao na miili yao ndizo zishikazo mapigo. Asiyeujua aweza kudhani ni kelele tu. Aliyejifunza husikia sauti nyingi zilizopangwa, kila moja mahali pake.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walileta elimu nyingine ya muziki. Mwanzo wake ulikuwa mchungu: mwaka 1896 wawili wao, Ovir na Segebrock, waliuawa huko Akeri, na Wadachi wakalipiza kisasi kwa ukali mwingi. Mwaka 1900 boma lilijengwa Arusha, na mwaka 1902 misheni ikaanzishwa Nkoaranga. Watu wakafundishwa tenzi za Kidachi, na vilevile kupiga tarumbeta, ambazo hata leo husikika katika sharika na harusi za Kaskazini. Muziki huo ni mzuri, nasi hatuna neno baya juu yake. Lakini katika misheni nyingi za Afrika ya Mashariki Mkristo alikatazwa ngoma za kwao. Kijana aliyejua kuongoza nyimbo za rika lake ilimpasa auache ujuzi huo mlangoni mwa kanisa, akaanze upya kama mtoto. Hasara ilikuwa ya pande mbili: kijana alipoteza heshima ya ufundi wake, na kanisa lilipoteza fundi.

Marekebisho yalitoka karibu na hapo hapo. Tangu miaka ya 1950 Walutheri walikuwa na chuo cha theolojia Makumira, kando ya barabara iendayo Moshi, na wanafunzi walitoka pande nyingi za nchi. Mmoja wao, Bernard Kyamanywa, alitunga mwaka 1966 wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya, akiutia katika sauti ya Kihaya, yaani ya watu wa magharibi ya Ziwa Viktoria. Mwalimu mmoja wa chuo hicho, Howard Olson, Mmarekani, aliutafsiri kwa Kiingereza, naye akakusanya nyimbo za namna hiyo katika kitabu kiitwacho Tumshangilieni Mungu. Hivyo sauti iliyozaliwa Buhaya ilipita chini ya Mlima Meru, na leo huimbwa na Wazungu katika makanisa ya Marekani. Angalieni basi: zamani mgeni alikuja kufundisha kuimba, safari hii mgeni aliketi kujifunza.

Hata hivyo heshima hiyo haikukamilika. Katika vitabu vya ng'ambo jina la mtunzi wa maneno limeandikwa, lakini juu ya sauti pameandikwa tu kwamba ni ya Tanzania au ya Kihaya. Sauti haikuota yenyewe kama uyoga. Kuna mtu aliyeianza, na kuna wazee walioitunza.

Mfano wa pili ni wa mjini. Mwaka 1996 vijana wa Arusha walianzisha kundi la muziki wa kufokafoka liitwalo X Plastaz. Muziki huo asili yake ni Marekani, nao wazee wengi waliudharau, wakisema ni uhuni. Vijana wale walifoka kwa Kiswahili, wakamwingiza kundini mwimbaji wa Kimasai, Yamat Ole Meipuko, ajulikanaye kwa jina la Merege. Santuri yao, Maasai Hip Hop, ilitoka mwaka 2004. Hawakuchukua sauti ya Mmasai kama mtu achukuavyo shanga za kupambia nguo. Mwenye sauti alikuwa mmoja wao, kwa jina lake na kwa mavazi yake. Naye hakulazimika kufoka ili akubaliwe, wala wao hawakujifanya Wamasai.

Wako wasemao kwamba kuchanganya nyimbo ni kuziharibu. Neno lao si la kupuuzwa, kwani mchanganyo wa wavivu huharibu kweli: hukata kipande cha wimbo wa watu na kukibandika pasipo kuuliza maana yake. Lakini mbele ya ufundi wa wenzetu heshima ina matendo matatu. Kwanza, kusikiliza mpaka tumeelewa sheria za muziki wao. Pili, kumtaja fundi kwa jina. Tatu, kugawana naye tuzo, iwe ni fedha au sifa.

Sisi walimu twaweza kuyaanza matendo hayo darasani. Apatikanapo mwanafunzi ajuaye nyimbo za rika lake, na asimame awafundishe wenziwe jinsi mwanzishaji aanzavyo na jinsi waitikiaji wapokeavyo. Na mwalimu aketi pamoja na wanafunzi, aitikie. Kisha jina la aliyemfundisha yule mwanafunzi huko nyumbani liandikwe ubaoni juu ya wimbo, kama tuandikavyo majina ya Bach na Handel.